Upande wa Abiria

Usukani wa Korola hii una robo mzunguko ya bure:
unazungusha, unazungusha,
gari halijasikia.
Kisha lashtuka kama mtu aliyeitwa usingizini,
likavuta kushoto, kuelekea mtaroni.

Mwinjuma alilizoea.
Miaka ishirini na sita,
mkono mmoja ukisahihisha, ukisahihisha,
hata ile barabara iliyonyooka ya kutoka Pongwe
aliipita kama mtu anayechekecha unga.
Mimi nimekaa kushoto, kikapu mapajani,
nikidhani ndivyo magari yalivyo.

Sasa funguo ninazo mimi.
Leseni niliipata na miaka yangu sitini na moja.

Fundi wa kwanza, pale Chuda, hakuligusa.
Alisikia nusu ya maneno yangu, akasema:
stelingi boksi. Laki nne na nusu.
Nimekuwa mkunga Bombo miaka thelathini na mbili;
namjua anayeandika dawa kabla mgonjwa hajakaa.
Nikamshukuru, nikaondoka, nikivutwa kushoto.

Shekue ana banda nyuma ya reli, Gofu,
mabati matatu na shimo lililofunikwa mbao.
Yeye aliuliza.
Linagonga ukiingia shimo, au ukikata kona?
Linavuta siku zote, au ukishika breki tu?
Akapitisha kiganja juu ya tairi,
kwenda na kurudi, macho yako kwingine,
kama nilivyopapasa mimi matumbo ya miezi minane
kutafuta kichwa kimelalia wapi.

Jeki. Gurudumu la kulia likaacha ardhi.
Akalishika saa sita na saa kumi na mbili,
huku akisukuma, huku akivuta: ngo.
"Bolijointi?" nikasema, neno la Mwinjuma.
"Kanyaga breki, mama."
Nikakanyaga. Akatikisa tena.
Kimya.
"Basi ni beringi. Bolijointi haiogopi breki."
Akakaza nati, akailegeza kidogo,
akafutia grisi kwenye suruali.

Saa tatu na saa tisa: tairodi zimetulia, zote mbili.

Bado ile robo ya bure.
Akashusha gari, akanirudisha kwenye usukani,
akalala chali juu ya kadibodi.
"Kushoto kidogo. Kulia. Kushoto.
Usiuzungushe. Utikise tu, kama bembea ya kichanga."
Nikatikisa. Chini yangu vidole vyake
vilikuwa vinapita, chuma hiki, chuma kile,
vinangoja.
Kisha: "Hoza, shika usukani wewe. Mama, njoo uone."

Nikalala pale na gauni langu la kitenge.
Akaweka kidole changu juu ya mkono mfupi wa chuma,
upande wa kushoto, mbele ya kiti cha abiria.
Hoza akatikisa.
Boksi likasukuma, fimbo ikaenda,
na chini ya kidole changu kile chuma
kikainuka kwanza,
kikashuka, ndicho kikakubali kwenda.
Kilicheza ndani ya bushi kama jino bovu.

"Aidla hii," akasema. "Haiongozi kitu.
Kazi yake kushika upande wa pili,
boksi lipate wa kumsukumia.
Wengi hawaiangalii."

Sikujibu. Kokoto ilikuwa inanichoma begani.
Nilikiacha kidole pale
hata Hoza alipokwisha kuacha kutikisa.

Bushi ilichongwa Ngamiani, kesho yake adhuhuri.
Elfu kumi na nane, na soda ya Hoza.

Nikaenda Raskazoni kulijaribu.
Usukani unasikia kabla sijamaliza kusema,
barabara imekaa mahali pake;
ila mikono yangu, iliyojifunza kwa kutazama,
ikaendelea kuchekecha unga,
na gari zima, gari lililopona,
likayumba mbele ya watu kwa sababu yangu.